Seva Moja, Wapangaji Wengi: Nani Anapata Prosesa?



Wengi wetu hapa tunategemea seva za pamoja kwa utafiti: huyu ana takwimu za malaria, yule ana hesabu za uchumi, mwingine mambo ya hali ya hewa. Na malalamiko ni yale yale: "Kazi hii hii juzi usiku ilichukua masaa matatu, leo mchana masaa kumi! Hii seva ina wazimu?" Haina wazimu, jamani. Mimi nasoma kompyuta, na hili ndilo somo ninaloulizwa zaidi, kwa hiyo hebu nieleze kinachoendelea humo ndani. Manake ukikijua, hutakosea kupanga tarehe ya kukabidhi tasnifu yako.

Seva kubwa inaweza kugawanywa ikawa kama nyumba ya wapangaji. Kila mpangaji anaitwa patisheni. Ana mfumo endeshi wake na kumbukumbu yake, na kwake yeye ni kama ana kompyuta nzima peke yake. Msimamizi wa nyumba ni programu iitwayo haipavaiza, ambayo iko chini ya mifumo yote.

Wazo lenyewe si la jana. IBM walilileta kwenye mashine zao kubwa mwaka 1988 kwa jina la PR/SM. Mwaka 2001 seva zao za UNIX zenye prosesa za POWER4 nazo zikapata patisheni, lakini prosesa ilitolewa nzima nzima. Ukihitaji nusu unapewa moja, na nusu iliyobaki inakaa bure. Mwaka 2004 ikaja POWER5, na hapo mambo yakabadilika: patisheni ikaweza kupewa hata 0.1 ya prosesa, na kuongezewa kwa vipande vya 0.01. Kuanzia POWER7+ ya mwaka 2012, kiwango cha chini kikashuka hadi 0.05.

Sasa utauliza, prosesa inakatwaje? Hakuna anayeikata kwa kisu. Kinachogawanywa ni muda. Haipavaiza inahesabu kwa zamu za milisekunde 10. Mwenye 0.1 anahakikishiwa milisekunde 1 katika kila zamu, mwenye 0.5 anahakikishiwa milisekunde 5. Hilo ndilo fungu lake.

Lakini muda hauwekwi akiba. Ni kama kiti cha daladala: gari likishaondoka, kile kiti kitupu kimepotea, huwezi kukipanda kesho. Kwa hiyo patisheni isiyo na kazi inarudisha muda wake kwenye kapu la pamoja ili wengine wautumie.

Nani anaruhusiwa kuchota kwenye kapu? Hapo kuna aina mbili. Patisheni yenye kikomo haivuki fungu lake hata kama nyumba nzima imelala. Usione ni ukatili; leseni za programu nyingi hulipiwa kwa idadi ya prosesa, na kikomo kinasaidia kulinda bajeti. Patisheni isiyo na kikomo inaweza kuchota ziada. Zikiwa nyingi zinazotaka, haipavaiza inaangalia uzito wa kila moja, namba kati ya 0 na 255. Bila kubadilishwa, huwa ni 128.

Tufanye hesabu. Tuseme chuo kina seva ya prosesa 4. Usajili ina fungu la 1.5, uhasibu 1.0, utafiti 1.0 na maktaba 0.5. Jumla 4.0. Kwa sasa uhasibu inatumia 0.4 tu na maktaba 0.1, kwa hiyo prosesa 1 nzima iko kwenye kapu. Usajili na utafiti zote zina njaa na hazina kikomo. Usajili ina uzito wa 192, utafiti 64, yaani tatu kwa moja. Basi usajili inaongezewa 0.75 na kufika 2.25. Utafiti inaongezewa 0.25 na kufika 1.25.

Kuna mtego mmoja hapa. Patisheni haigusi prosesa halisi moja kwa moja. Inapewa prosesa pepe, na kila prosesa pepe haiwezi kutumia zaidi ya prosesa 1 halisi. Kama usajili imepewa prosesa pepe 2, itaishia 2.0 hata uzito wake ukiwa mkubwa vipi, na ile 0.25 itakwenda kwa mwingine mwenye nafasi. Tena usikimbilie kuzijaza nyingi tu, maana kubadilishana zamu mara kwa mara nako kuna gharama yake.

Turudi kwenye masaa matatu na kumi. Usiku wengine wamelala. Patisheni ya utafiti, ikiwa na prosesa pepe 4 na kazi inayogawanyika vizuri, inaweza kukaribia prosesa zote 4. Mchana wenyewe wakiamka, inarudi kwenye 1.0 yake. Kazi ya masaa matatu inaweza kukaribia masaa kumi na mbili, na hakuna kilichoharibika.

Kwenye AIX unaweza kujionea mwenyewe kwa amri ya lparstat. Safu ya physc inaonyesha prosesa halisi unazotumia, na %entc inaonyesha asilimia ya fungu lako. Ile usajili yetu ya 2.25 ingesoma 150. Usishtuke, si hitilafu. Ila jua kwamba ile 50 ya juu ni ya kuazima, na mwenyewe akiihitaji anaichukua bila kukuaga.

Kontena za Linux nazo zina desturi hiyo hiyo ya uzito na kikomo, ingawa dirisha lao la kawaida la kikomo ni milisekunde 100. Kwa hiyo utalikuta jambo hili pengi, hata kazini baadaye.

Ushauri wangu ni mmoja: muulize msimamizi wa seva fungu lenu ni kiasi gani, kisha panga ratiba kwa fungu hilo, siyo kwa kasi uliyoiona saa nane za usiku. Fungu ni ahadi, ziada ni bahati. Bahati ikija, shukuru, lakini usimwahidi profesa wako kwa bahati.

Kila la heri na tasnifu zenu.