Ireland: Unaombwa kuingia bodi ya kituo cha familia? Jua haya kwanza

Nchini Ireland kuna vituo zaidi ya 120 vya kusaidia familia. Mzazi aliyeelemewa anaingia, anapata mtu wa kumsikiliza. Vingi hulea watoto wadogo, husaidia wanafunzi baada ya masomo, na hutoa ushauri nasaha na mafunzo kwa watu wazima.

Mpango huu ulianza 1994, na sasa fedha za msingi hupitia Tusla, shirika la serikali la watoto na familia lililoundwa 2014. Lakini wanaoamua mambo makubwa ya kituo si maofisa wa serikali. Ni bodi ya watu wa kujitolea, wakiwemo wakazi wa mtaa huohuo.

Bodi inafanya nini?

Si kucheza na watoto wala kupika chai. Kazi za kila siku ni za meneja na wafanyakazi. Bodi ndiyo inayomwajiri meneja, inapitisha bajeti, inapitia hesabu na kuuliza maswali.

Kuna malipo?

Hakuna. Mjumbe halipwi kwa kukaa kwenye bodi, ingawa anaweza kurudishiwa gharama halali kama nauli.

Mbona basi ni dhamana kubwa?

Kwa sababu kisheria, wajumbe ndio wenye kujibu. Kwa mfano, chini ya Sheria ya Mashirika ya Hisani ya 2009, ripoti ya mwaka inatakiwa kumfikia msimamizi wa mashirika hayo ndani ya miezi 10 baada ya mwaka wa fedha kuisha. Mhasibu akizembea, bodi haiwezi kusema "hatukujua".

Mtego uko wapi?

Uko kwenye ujirani wenyewe. Tuseme paa la kituo linavuja, na kaka wa mjumbe mmoja ni fundi. Mjumbe huyo anatakiwa aseme wazi kuhusu undugu huo, kisha asishiriki uamuzi. Akinyamaza, hata kama kaka yake ni fundi hodari, imani ya mtaa inaondoka. Na imani ikiondoka, mama mwenye shida nyumbani hatabisha hodi tena.

Vilevile si rahisi kumbana kwa maswali meneja unayekutana naye dukani kila siku. Lakini kumwonea haya ndiko kunakoacha shimo la fedha likue.

Kabla ya kukubali

Omba hesabu za mwaka jana na kumbukumbu za vikao vya karibuni. Uliza vikao ni vingapi kwa mwaka, kama kuna bima, na nani atakuelekeza mwanzoni. Ukizungushwa kupewa karatasi hizo, hiyo ni dalili mbaya.

Usiogope kama hujasomea uhasibu. Mwongozo wa uongozi wa mashirika ya hisani unataka bodi yenye ujuzi mchanganyiko, na unapendekeza mjumbe asizidishe miaka 9. Kwa hiyo nafasi hutokea, na mzazi anayeijua shida ya mtaa ana cha kuchangia.