Jedwali linapojaa, habari za Garissa huishia 'Nyinginezo'

MKAZI wa Iftin, mojawapo ya wadi za mji wa Garissa, ambaye kila asubuhi husoma bei ya mifugo katika tovuti ya habari, huenda asionekane kamwe katika takwimu za tovuti hiyo. Ziara yake imehesabiwa, naam, na jumla ya wasomaji inamjumuisha. Lakini ukurasa alioufungua hauna jina katika ripoti anayoletewa mhariri mwishoni mwa mwezi. Umetiwa katika mstari wa mwisho kabisa, ule ulioandikwa 'Nyinginezo'.

Hilo si hitilafu ya mtambo. Ni kanuni iliyowekwa kwa makusudi na waundaji wa programu, na wengi wanaoamua mambo kwa kutegemea ripoti hizo hawajui kwamba ipo.

Programu ya takwimu za tovuti hufanya kazi kwa hatua mbili. Kwanza hurekodi kila ziara katika kumbukumbu ghafi: saa, ukurasa uliofunguliwa, aina ya simu au tarakilishi, na tovuti iliyomleta mgeni. Baadaye huzipitia kumbukumbu hizo na kufanya muhtasari wa siku: ukurasa upi ulisomwa mara ngapi, maneno yapi yalitafutwa, wageni walitoka wapi. Muhtasari huo ndio jedwali, na jedwali lina kikomo.

Tuchukue Matomo, programu huria iliyoanza mwaka 2007 kwa jina la Piwik na kupewa jina la sasa mwaka 2018. Katika mipangilio inayokuja nayo, jedwali la kurasa hubakiza mistari 500, na kila folda iliyo ndani ya jedwali hilo hubakiza mistari 100. Jedwali la vyanzo vya wageni hubakiza 1,000, na majedwali madogo yaliyo ndani yake mistari 50. Programu hupanga mistari kuanzia yenye ziara nyingi, huiacha ya juu na majina yake, kisha hujumlisha yote iliyosalia katika mstari mmoja. Google Analytics nayo ina mstari wa namna hiyo. Toleo lake la zamani, ambalo huduma yake ya bure iliacha kuchakata data mpya Julai 2023, lilihifadhi mistari 50,000 kwa siku katika kila jedwali la watumiaji wasiolipa.

Kikomo hicho kina sababu. Folda 500 zenye mistari 100 kila moja ni mistari 50,000 kwa siku moja ya tovuti moja; kwa mwaka mzima inaweza kufika 18,250,000. Seva ndogo ya kukodi hulemewa na mzigo huo, ripoti zikachelewa au zikakwama kabisa. Aliyeweka kikomo alitaka mhariri afungue ripoti yake bila kungoja robo saa, na katika hilo hakukosea.

Swali ni nani anayekatwa.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kuna tovuti inayoweka habari zake zote katika folda moja iitwayo 'habari'. Siku ya kawaida, ukurasa wa 100 kwa umaarufu husomwa mara 12. Ukurasa wa bei za mifugo katika soko la Garissa husomwa mara nane tu, lakini husomwa kila siku, kwa kuwa wafugaji na madalali huuhitaji kila siku. Kwa siku 30 hizo ni ziara 240. Upande wa pili kuna kisa cha msanii fulani kilichosomwa mara 90 siku moja, kisha kikasahauliwa.

Ripoti ya mwezi itaonyesha kisa cha msanii na ziara zake 90. Ukurasa wa mifugo, uliosomwa zaidi ya mara mbili ya hapo, hautaonekana. Hii ni kwa sababu jedwali la mwezi halijengwi upya kutokana na kumbukumbu ghafi. Huunganishwa kutokana na majedwali ya siku, ambayo yalikwisha kukatwa. Kilichofichwa kila siku hakiwezi kufufuka mwishoni mwa mwezi. Kwa maneno mengine, kikomo hakiwaumizi tu walio wachache, bali huwaumiza hasa walio wachache na wa kudumu.

Wanaokaa katika vyumba vya habari wanafahamu jinsi ripoti hizo zinavyotumiwa. Bajeti inapopunguzwa, huulizwa ni kurasa zipi zinazosomwa. Mwandishi wa Mandera au Wajir akiambiwa kwamba habari zake hazina wasomaji, hana karatasi ya kujitetea, maana wasomaji wake wamo katika ile jumla isiyo na majina. Tovuti ya serikali ya kaunti inayotaka kujua iwapo tangazo la basari au la chanjo ya mifugo lilisomwa imo hatarini vivyo hivyo.

Kaskazini Mashariki si mgeni wa mabishano ya takwimu. Mnamo 31 Agosti 2010, aliyekuwa Waziri wa Mipango, Bw Wycliffe Oparanya, alitangaza kufutwa kwa matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya nane, zikiwemo Lagdera, Wajir Mashariki na wilaya za Mandera, pamoja na za Turkana. Ugomvi huo ulikuwa wa hadharani kwa kuwa kila mtu aliiona namba na kuipinga. Jedwali lililokatwa halizui ugomvi, kwani hakuna namba ya kupinga.

Uingereza ilionja ubaya wa ukimya huo mwaka 2020. Kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba, visa 15,841 vya Covid-19 viliachwa nje ya takwimu za kila siku kwa sababu matokeo ya maabara yalihamishiwa katika faili za Excel za muundo wa zamani, ambao hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi ilidondoka, na watu waliokutana na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa. Programu za tovuti ni afadhali kidogo: huhifadhi jumla hata zinapofuta majina.

Hata jumla hiyo hutaka tahadhari. Ziara zaweza kujumlishwa, lakini watu hawawezi. Mtu mmoja aliyesoma kurasa tatu ndogo huhesabika mara tatu ukijumlisha wasomaji wa kila ukurasa.

Kuna jambo jingine linaloligusa eneo hili kwa namna ya pekee, nalo ni tahajia. Msomaji mmoja huandika Garissa katika kisanduku cha kutafutia, mwingine huandika Gaarisa kwa Kisomali. Wajir huwa Wajeer, Mandera huwa Mandheera, Dadaab huwa Dhadhaab. Kwa programu, hayo ni maneno mbalimbali, na kila moja hupewa mstari wake. Neno ambalo lingekuwa na ziara 20 na kubaki juu hugawanyika kuwa manne yenye ziara tano tano, na yote manne hutumbukia. Nairobi haipatwi na mkasa huo kwa kiasi hicho.

Anwani za kurasa nazo hujigawa bila sababu ya maana. Habari iliyofunguliwa kupitia Facebook huja na mkia mrefu wa herufi baada ya neno 'fbclid', tofauti kwa kila aliyebofya. Programu isipoelekezwa kuupuuza mkia huo, habari moja iliyosomwa na watu 300 huweza kuwa mistari 300.

Ndiyo maana hatua ya kwanza si kuongeza kikomo, ingawa hilo ndilo mafundi wengi hukimbilia. Usafi hutangulia: kuikata mikia ya anwani, na kuyaunganisha maneno ya utafutaji yenye maana moja. Baadaye hutazamwa mpangilio wa folda. Kwa kuwa kila folda ina nafasi zake 100, tovuti inayoweka habari katika folda ya kaunti, kisha Garissa, kisha habari yenyewe, huipa Garissa nafasi 100 zisizoshindaniwa na Nairobi wala Mombasa. Kaunti zote ni 47, kwa hiyo hakuna hata moja itakayokosa mstari. Mabadiliko hayo hayaongezi gharama kubwa ya seva, nami nayaona kuwa bora kuliko mengine yote.

Hapo ndipo kikomo chenyewe huweza kupandishwa, katika faili ya mipangilio iitwayo config.ini.php, kidogo kidogo, huku fundi akichunguza kama seva inahimili. Kipimo cha kuanzia ni chepesi: mstari wa Nyinginezo ni sehemu gani ya jumla? Ukiwa moja kwa mia, pengine hakuna haja ya kusumbuka. Ukiwa robo, ripoti hiyo haifai kumwachisha mtu kazi.

Wapo watakaosema kwamba kufichwa kuna heri yake, nao wana hoja. Mstari wenye msomaji mmoja kutoka kijiji kidogo cha mpakani waweza kumtambulisha mtu huyo, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za watu zisikusanywe wala kuwekwa kupita haja. Lakini kinachodaiwa hapa ni jina la ukurasa na la kaunti. Jina la msomaji halihitajiki.

Sheria hiyo pia inaibua suala la muda. Kupandisha kikomo leo hakurudishi majina yaliyokatwa jana. Kwa Matomo, fundi hulazimika kuziondolea uhalali ripoti za zamani na kuiamuru programu izitengeneze upya kutokana na kumbukumbu ghafi. Tovuti nyingi hufuta kumbukumbu hizo baada ya muda fulani, ama kwa ajili ya faragha ama kuokoa nafasi. Zikishafutwa, ukurasa wa mifugo wa miezi hiyo utabaki Nyinginezo daima, kwa hiyo mhariri anayetaka kuujua ukweli wa mwaka huu sharti amwone fundi wake kabla ya siku ya kufuta.