Pesa ya Mshirika Mpya Inaingia Mfuko wa Nani?

Kampuni ndogo za Kasongo huanza kati ya watu wanaojuana: ndugu wawili na shemeji yao, au wachuuzi watatu wa soko moja waliochanga wakanunua mashine ya kukoboa mpunga. Matata huja biashara ikishakua na mtu wa nne akitaka kuingia. Analeta dola zake, anapewa mkono, kuanzia siku hiyo anaitwa mshirika. Hakuna anayeuliza pesa imeingia mfuko wa nani, ingawa jibu lake ndilo linaloamua karibu kila kitu.

Tangu tarehe 12 Septemba 2012 Congo imo katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja ya biashara, na SARL zetu, yaani kampuni ambazo wajibu wa mwenye hisa una mipaka, zinafuata sheria ya pamoja ya kampuni iliyorekebishwa mwaka 2014. Ukikuta karatasi za zamani zimeandikwa SPRL, aina hiyo ndiyo iliyogeuzwa kuwa SARL ya leo. Katika SARL, deni la kampuni ni la kampuni. Mwenye hisa hapotezi zaidi ya alichochanga. Mtaji wenyewe, hapa kwetu, washirika wanajipangia katika statuti, yaani katiba ya kampuni.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtaji ni dola 10,000, umegawanywa hisa 100. Mzee ana 40, mama ana 35, kijana ana 25.

Mlango wa kwanza wa kuingia ni kununua hisa zilizopo. Mzee amechoka, anataka kumuuzia mtu wa nje hisa zake zote. Pesa itakwenda kwa mzee. Kampuni haipati hata faranga moja, inabadilisha mwenye hisa tu. Statuti zikiwa kimya, sheria inataka wasiouza wakubali, walio wengi kwa idadi na wenye robo tatu ya hisa zinazobaki. Zimebaki 60, robo tatu yake ni 45, na mama mwenye 35 hafiki peke yake. Kwa hiyo kijana, mdogo wao wote, anaweza kumfungia mgeni mlango. Ila kukataa kuna gharama. Waliokataa wana miezi 3 ya kununua wenyewe hisa hizo, kwa bei waliyopatana au iliyopangwa na mtaalamu aliyeteuliwa na rais wa tribinali. Wasiponunua, mzee yuko huru kumuuzia mgeni wake. Na wakipelekewa taarifa wakanyamaza miezi 3, kimya chao kinahesabiwa kuwa kibali.

Mlango wa pili ni kuongeza mtaji. Hapa hakuna anayeuza. Kampuni inatoa hisa mpya, na pesa ya mgeni inaingia katika kasha la kampuni, inanunua mashine ya pili. Uamuzi huo unabadilisha statuti, kwa hiyo unataka robo tatu ya mtaji wote. Mzee na mama wana 75 kamili. Wanapita! Kijana aliyeweza kuzuia uuzaji hawezi kuzuia hili, na angekuwa na hisa 26 badala ya 25 angeweza. Sidhani kama wengi wanaogawana hisa siku ya kwanza, wakicheka na kunywa chai, wanajua kwamba hisa moja inaweza kuwa na uzito huo.

Tena kuna bei. Tuseme kampuni ile ya dola 10,000 leo ina thamani ya 20,000. Mgeni akiweka 5,000 kwa bei ya zamani, dola 100 kwa hisa, anapata hisa 50 kati ya 150. Hiyo ni theluthi ya kampuni ambayo sasa ina thamani ya 25,000: amelipa 5,000 akaondoka na zaidi ya 8,300. Tofauti imetoka jasho la wale watatu. Dawa yake ni kumuuzia hisa kwa dola 200, yaani mia ya mtaji na mia ya nyongeza inayobaki katika kampuni. Atapata hisa 25 kati ya 125, sehemu moja ya tano, sawasawa na alichotoa. Anayeleta mashine badala ya pesa, thamani yake iandikwe kwa uangalifu. Mchango wa vitu unaozidi faranga za CFA 5,000,000 (sheria inahesabu kwa CFA hata huku kwetu) lazima uthaminiwe na mkaguzi maalumu.

Ugomvi wa nani ana kipi si mpya hapa: mji huu uliwahi kuona ushirika mkubwa usioeleweka mipaka yake. Tippu Tip alifanya Kasongo makao yake katika biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa, pamoja na wenzake akiwemo Rumaliza. Baada ya majeshi ya mfalme Leopold wa Ubelgiji kuuteka mji mwaka 1893 na Rumaliza kukimbilia eneo la Wajerumani, wawili hao waliishia kushitakiana wakigombea mali ya ushirika wao.

Leo uuzaji wa hisa lazima uandikwe. Mkataba ufikishwe kwenye kampuni, statuti zirekebishwe, kisha mabadiliko yaingizwe katika daftari la biashara, RCCM, ndani ya siku 30. Najua barabara za Maniema zilivyo, na najua safari ya kufuata karatasi inavyokula siku. Lakini kabla mabadiliko hayajaingizwa, mbele ya watu wengine, benki ikiwemo, mwenye hisa bado ni yule wa zamani.

Kumpa hisa mke, mtoto au mzazi hakuhitaji kibali cha wenzako, isipokuwa statuti zimesema vingine. Zinaweza pia kutaka warithi wa mshirika aliyefariki wakubaliwe kwanza. Usipoliandika hilo mapema, usishangae kukaa meza moja na watoto wa marehemu ambao hukuwachagua.

Kwa hiyo, ndugu msomaji unayetaka kuingia: kabla ya kuhesabu pesa, omba usome statuti na karatasi ya RCCM. Wakisema hazipo, rudi na pesa yako nyumbani.