Kromatografia: Kutoka Rangi za Majani hadi Uhakiki wa Dawa

Mgonjwa anayemeza kidonge cha malaria hawezi kutambua kwa macho iwapo dawa iliyomo ni kamili, ni pungufu au haimo kabisa. Rangi, umbo na kifungashio huigwa. Miongoni mwa mbinu zinazofichua ukweli ni kromatografia, yaani utenganishaji wa kemikali zilizochanganyika, ambayo chimbuko lake ni uchunguzi wa majani.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mjini Warsaw, Mrusi Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea, alishindilia chaki iliyosagwa katika mrija wa kioo, akamimina rangi iliyotolewa kwenye majani, kisha akapitisha kiyeyushi. Rangi hiyo ilijigawa katika mikanda ya kijani na ya manjano. Kemikali iliyoshikamana kidogo na chaki ilitangulia kushuka. Iliyoshikamana sana ilichelewa. Mwaka 1906 Tsvet aliiita mbinu hiyo kromatografia, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya rangi na kuandika.

Wanakemia wengi hawakuijali. Tsvet alifariki mwaka 1919, na mbinu yake ilipuuzwa hadi mwaka 1931, watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walipoifufua. Mwaka 1938, mjini Kharkiv, Nikolai Izmailov na Maria Shraiber, waliokuwa wakichunguza dawa, walitandaza unga juu ya kioo badala ya kuujaza mrijani. Nao Waingereza Archer Martin na Richard Synge walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1952 kwa kuendeleza kromatografia.

Njia ya utando mwembamba hufaa hasa pasipo na maabara kubwa; nchini Tanzania imetumika kukagua dawa zinazoingia mipakani. Kidonge husagwa na kuyeyushwa, kisha tone lake huwekwa kando ya tone la dawa halisi. Kiyeyushi kikipanda, madoa yote mawili hupaswa kufika kimo kimoja. Doa lililofifia huashiria upungufu. Doa lisipoonekana, dawa inayotarajiwa haimo. Sampuli yenye shaka hupelekwa maabara kwa vipimo sahihi zaidi.

Kwa hiyo, mgonjwa asipopata nafuu, mhudumu wa afya asiishie kuushuku ugonjwa. Aichunguze na dawa. Mgonjwa naye ahifadhi kifungashio na vidonge vilivyobaki, arudi kituoni mapema, wala asijibadilishie dawa mwenyewe.