Herufi za brashi: nzuri kwa jina, hatari kwa namba

Wamama, mnakumbuka kaliko yetu ya 8 Machi. Tuliipitisha mbele ya watu, tumevaa vikwembe vya aina moja, na chini yake tuliandika namba ya kuagizia mikate. Siku tatu simu haikulia. Ya nne, mteja mmoja alitukuta sokoni akasema amepiga mara mbili, akajibiwa na baba mmoja mkali asiyejua habari ya mikate. Ile 1 yetu ilisomeka kama 7.

Kosa lilikuwa letu. Kwenye kompyuta tulionyeshwa aina nyingi za herufi, tukachagua ile inayocheza, mikia imepinda kama mtu anayecheza rumba, tukaiweka kila mahali.

Herufi hizo zinaiga mkono wa mchoraji. Brashi ikishuka inakandamizwa, mstari unanenepa. Ikipanda inainuliwa, mstari unakuwa mwembamba. Mwaka 1953 Mfaransa Roger Excoffon alitoa herufi iitwayo Mistral, iliyofuata mwandiko wake mwenyewe, na alizipanga herufi za risasi zishikane kama za mkono. Mpaka leo iko kwenye kompyuta nyingi. Lakini kwetu brashi si mgeni. Nani hakukuta picha ya mamba muntu ukutani kwa shangazi? Huko Lubumbashi, mwaka 1973 na 1974, Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi katika picha karibu 100, akaandika maneno juu ya picha zenyewe. Na wanaoandika kuta za saluni za Manika na Dilala ni mafundi wa kazi hiyohiyo. Ukitaka kujua kama ni mkono au mashine, tazama a mbili katika neno moja: za mkono hazifanani kabisa.

Basi, herufi ya kucheza ipewe jina tu: jina la kikundi, la bibi harusi, la saluni. Maneno mawili, matatu, makubwa. Bei, siku na namba ya simu ziandikwe kwa herufi zilizosimama wima. Usiandike jina lote kwa herufi kubwa za namna hiyo, kwani hazikutengenezwa kushikana, zinagongana. Tena, kabla ya kulipa, omba uone é na ç. Herufi nyingine za mapambo hazina alama hizo, na “Beauté” inatoka na kisanduku mwishoni. Halafu simama mbali, upande wa pili wa barabara, umwombe mtoto asome namba kwa sauti.

Kaliko ya mashine inatoka upesi, hilo hatukatai. Ila papa mchoraji alipoona namba yetu aliuliza mara moja, “Hii ni moja ao saba?” Mashine haikuuliza.

Jumamosi tunampelekea bati la kibao kipya. Anayependa jina liandikwe kwa rangi nyekundu aseme kabla ya Ijumaa, maana rangi inanunuliwa siku hiyo.