Menyu Inayohesabiwa kwa Kidole

Shangazi yangu ana simu ya mulika mwizi ambayo namba za vitufe vyake zilifutika zamani. Akitaka kumtumia mjukuu wake pesa, hasomi menyu. Huihesabu kwa kidole gumba: chini mara moja, kubali, namba, kiasi, namba ya siri.

M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu ya Kenya, haikuanza kama njia ya kutumiana pesa namna hii. Majaribio ya mwaka 2005 huko Nairobi na Thika yalilenga jambo jingine: wateja wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, walipe mikopo yao kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie wa kampuni ya simu ya Vodafone, waliousimamia mradi huo, waliona watu wakiutumia kwa shughuli zao wenyewe. Walitumiana pesa. Wengine waliweka pesa kwa wakala kabla ya safari ili wazitoe walikofika. Upande wa mikopo, kulinganisha hesabu za simu na za taasisi kukawa kazi ngumu. Huduma ilipozinduliwa Kenya Machi 2007, marejesho ya mikopo yalikuwa yamewekwa kando, na tangazo likabaki na ujumbe mmoja: tuma pesa nyumbani.

Kuacha wazo lililozaa mradi mzima ni uamuzi mgumu, na kwangu huo ndio ubunifu wenyewe. Menyu iliyobaki iliwekwa ndani ya laini, ikafanya kazi hata kwenye simu ya bei ya chini kabisa.

Lakini ugumu ulioondolewa kwa mtumiaji haukuyeyuka, ulihamishwa. Uliingia kwenye mitambo ya kampuni, na kwenye meza ya wakala, ambaye kila siku lazima apime floti, yaani salio lake la kielektroniki, na pesa taslimu, kimoja kisiishe wakati kingine kimejaa. Anayesema programu yake ni rahisi anapaswa kuulizwa nani sasa anaubeba mzigo ule, na kama analipwa kwa kuubeba.

Usahili vilevile si uchache wa hatua. Awali, ukikosea tarakimu moja, pesa zilikwenda kwa mtu usiyemjua. Baadaye Safaricom, kampuni inayoendesha M-Pesa Kenya, iliongeza hatua: jina la mpokeaji huonekana kabla pesa hazijaondoka. Safari ikarefuka kidogo, na hofu ikapungua sana.

Kinachonisumbua ni mabadiliko yasiyo na sababu. Kampuni moja ya simu iliwahi kupachika kipengele kipya juu ya orodha yake. Shangazi akabonyeza kama alivyozoea, akanunua muda wa maongezi kwa pesa za karo. Aliyepanga orodha ile bila shaka aliona mstari mmoja tu umeongezeka. Hakujua kuna watu waliokwisha kuihifadhi kwenye vidole.

Siku hizi shangazi hufika hadi kwenye jina, akasimama. Husogeza simu mbali na macho, akalitamka kwa sauti, jina la kwanza na la pili. Mjukuu akiwa ndiye, anabonyeza.