Je, Wajua? Kiti, Saa na Mita 3 za Sakafu

Hakuna anayesimama tuli. Hata askari wa gwaride huyumba kidogo mbele na nyuma, na misuli ya miguu humrudisha katikati kabla hajahisi lolote. Wataalamu wa fiziotherapia hupima kazi hiyo ya siri kila siku, na mara nyingi vifaa vyao ni vile vilivyomo nyumbani kwako.

Je, wajua kwamba kufumba macho ni kipimo cha miguu?
Miaka ya 1840, daktari Moritz Romberg wa Berlin aliandika kuhusu wagonjwa waliosimama vizuri wakiwa wamefumbua macho, lakini wakiyafumba walianza kupepesuka. Walikuwa na ugonjwa wa uti wa mgongo ambao baadaye ulibainika kuwa unatokana na kaswende. Mwili hupata habari za msimamo wake kutoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo, misuli na viungo. Wagonjwa hao hawakuwa tena na habari za kuaminika kutoka miguuni, na macho ndiyo yaliyokuwa yakiziba pengo. Kipimo cha Romberg kingali kinatumika: miguu pamoja, macho yafumbwe, na mtaalamu awe karibu, tayari kudaka.

Je, wajua kwamba kuta zikisogea mtoto huanguka?
Mwaka 1974, watafiti David Lee na Eric Aronson waliwasimamisha watoto wachanga waliojua kusimama ndani ya chumba ambacho kuta zake zilisogezwa huku sakafu ikibaki palepale. Watoto waliyumba, wengine wakaanguka chini, ingawa hakuna aliyewagusa. Macho yaliwaambia kwamba wao ndio wanaosogea, nao wakajirekebisha bila sababu. Zipo mashine za kisasa zinazotumia hila hiyohiyo. Mtu husimama kwenye ubao unaoweza kuyumba, amezungukwa na ukuta unaoweza kuyumba pia, ili ionekane anategemea zaidi macho, miguu au sikio. Wanaanga wa Marekani wamepimwa kwa mashine hizo baada ya kurudi duniani, kwa kuwa sikio la ndani lililozoea kukosa uzito huchukua muda kurejea katika hali yake.

Je, wajua kwamba kuinuka kitini kunaweza kutoa onyo?
Mwaka 1991, Diane Podsiadlo na Sandra Richardson walichapisha kipimo kinachotaka kiti chenye mikono, saa na mita 3 za sakafu. Mtu huinuka, hutembea hadi kwenye alama, hugeuka, hurudi na kuketi. Mwongozo wa mamlaka ya afya ya Marekani humweka mzee anayetumia sekunde 12 au zaidi katika kundi la walio hatarini kuanguka. Lakini mtaalamu mzoefu haangalii saa peke yake. Je, amesukuma mikono ya kiti mara mbili ndipo akainuka? Amegeuka kwa hatua mbili, au kwa vijihatua sita huku mabega yamekakamaa? Ameketi taratibu, au amejiachia kitini puu? Watu wawili wanaweza kumaliza kwa sekunde 14, mmoja kwa udhaifu wa mapaja na mwingine kwa hofu, na matibabu yao hayatafanana.

Je, wajua kwamba kuokota kiatu kuna alama zake?
Kipimo cha Berg, kilichotoka Kanada mwaka 1989, kina kazi 14: kuketi bila kuegemea, kuokota kiatu sakafuni, kuzunguka duara zima, kupandisha mguu mmoja baada ya mwingine juu ya kigoda, kusimama kwa mguu mmoja, na nyinginezo. Kila kazi hupewa alama 0 hadi 4, jumla 56. Kwa miaka mingi alama 45 imehesabiwa kuwa mpaka wa tahadhari, ingawa siku hizi wataalamu hawatoi hukumu kwa namba moja.

Je, wajua kwamba maongezi nayo hupima mwendo?
Watafiti wa Sweden walitembea na wazee 58 wa makao ya kulelea wazee huku wakiwapigisha soga. Wazee 12 walisimama maongezi yalipoanza. Katika miezi 6 iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walianguka. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997. Mwendo uliokuwa ukijiendea wenyewe sasa unadai akili yote, na ikigawanywa, miguu husubiri zamu yake.

Je, wajua kwamba ncha ya kidole inaweza kuharibu kipimo?
Kugusa ukuta kwa nguvu isiyozidi uzito wa gramu 100 hupunguza kuyumba, ingawa mguso huo hauwezi kumshikilia mtu asianguke. Kidole huupa ubongo habari tu, nayo inatosha. Ndiyo maana mtaalamu atakuambia usiguse meza wakati wa kupimwa, na ndiyo maana mzee anayepita akipapasa ukuta wa korido anastahili kuchunguzwa.

Je, wajua kwamba sekunde 10 kwa mguu mmoja zina uzito?
Nchini Brazil, watu 1,702 wenye umri wa miaka 51 hadi 75 waliombwa kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde 10. Mmoja kati ya watano alishindwa. Walifuatiliwa kwa takriban miaka 7, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022: walioshindwa walikuwa na hatari ya kufa iliyo juu kwa asilimia 84, hata baada ya umri na maradhi yao kuzingatiwa. Mguu mmoja haumuui mtu. Kushindwa ni dalili kwamba kuna mengi mwilini yaliyolegea.

Je, wajua kwamba kipimo hugeuka dawa?
Mpango wa mazoezi wa Otago, ulioanzia New Zealand, huwapa wazee mazoezi ya kuimarisha miguu, kuinuka kitini, kutembea kinyumenyume na kusimama kwa mguu mmoja. Majaribio yake manne ya mwanzo, yaliyohusisha watu zaidi ya 1,000, yalionyesha kuanguka kukipungua kwa asilimia 35. Ni mambo yaleyale anayopimwa mtu kliniki, yakirudiwa nyumbani karibu na meza nzito ya kushika. Kwa hiyo mzee wako akipimwa na kuambiwa alama zake ziko chini, swali la kumuuliza mtaalamu ni hili: katika kazi alizoshindwa, tuanze kumfanyisha ipi?